Kitabu kimoja, mzee na binti yake, na mimi mbeba boksi katikati

Watu wakijua nimekaa Marekani maswali ni yaleyale, baridi ikoje, hela zikoje, lini unanitumia simu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimesoma nini huko. Basi leo nasema bila kuulizwa: kitabu nilichokisoma kwa makini kuliko vyote maishani, kuliko hata vile vya mtihani wa form foo, kiliandikwa na mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia anaitwa Mark Levin, na nilikisoma kwa sauti, na nilikuwa nalipwa kwa saa.

Nilienda kwa ile green card ya bahati nasibu. Nikafika Columbus, Ohio, mwisho wa 2008, mtu wa Morogoro nimezoea upepo wa Uluguru nikakutana na barafu inayokata masikio. Kazi ya kwanza ilikuwa ghala, kubeba boksi kweli kweli sio kwa maneno, mgongo ukagoma ndani ya miezi nane nikasoma kozi fupi ya kutunza wagonjwa na wazee, na Februari 2010 nikapelekwa kwa mzee mmoja ambaye jina simtaji na hata mtaa sitaji. Alikuwa na miaka 79, mjane, alipigana Korea akiwa kijana, akarudi akawa fundi mashine kiwandani miaka thelathini na kitu. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni anaona vizuri, katikati giza, kwa hiyo akitaka kukuona usoni anageuza kichwa anakuangalia kwa ubavu wa jicho kama kuku anavyomuangalia mwewe. Siku ya kwanza nikadhani ananidharau.

Ikifika saa kumi na mbili jioni kila kitu kinasimama, hata dawa zinasubiri, redio inawashwa. Kuna sauti nzito inatangulia inasema kipindi kinatoka kwenye handaki, chini kabisa ya jengo lisilojulikana, alafu Levin anaanza, na akianza hajui kuongea polepole, anafoka, mtu akipiga simu kumletea ubishi wa kijinga anamkatia. Mpaka saa tatu usiku. Wiki ya kwanza nilikuwa natoka pale kichwa kinauma. Baadaye nikazoea, na nikajua kwamba yule bwana sio mropokaji wa kuokotwa tu, ni mwanasheria, enzi za Rais Reagan alikuwa mkuu wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu Edwin Meese. Ukimsikia redioni huwezi kuamini alishawahi kukaa kwenye ofisi tulivu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Liberty and Tyranny. Kilitoka Machi 2009, Obama ana miezi miwili tu madarakani, watu wa upande ule wamechanganyikiwa kwa kushindwa, na kikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mzee alikinunua wiki ileile kilipotoka, akakisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia akiwa na penseli, mwezi uliofuata akabeba kiti chake cha kukunja akaenda kwenye mkutano wa Tea Party, wale waliokuwa wanapinga kodi na serikali kubwa, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, Aprili 15. Sasa mimi nimefika macho yamezidi kuharibika, kioo hakisaidii tena, ndo akanambia kazi yako ya jioni kabla ya redio ni hii, tuanze upya ukurasa wa kwanza.

Nikaanza. Kiingereza changu cha Morogoro na majina ya Kifaransa humo ndani, jamani. Kuna Tocqueville, yule Mfaransa aliyeizunguka Marekani miaka ya 1830, Levin anampenda sana, anamrudia rudia. Mimi nikasoma Tok-ke-vi-le, silabi zote, kama tunavyosoma Kiswahili. Mzee akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji. Toka siku hiyo akawa ananiita Tokevile.

Kwa asiyekijua nieleze kidogo. Levin anagawa watu mafungu mawili. Kuna mhafidhina, mtu wa mrengo wa kulia kama yeye, na kuna mtu anayemwita Statist, hataki kumwita liberali kwa sababu anaona neno hilo lina asili ya uhuru na hawastahili. Huyo Statist ni mtu anayetaka serikali ishike kila kitu, na kila sura anatokea kama mwizi kwenye hadithi, kwenye katiba yumo, kwenye soko yumo, kwenye mazingira yumo, kwenye uhamiaji yumo. Hoja yenyewe ni kwamba udhalimu hauji lazima na bunduki, unaweza ukaja polepole na huduma, leo wanakupa hiki kesho kile, ukija kushtuka huna tena la kuamua.

Mi nikisoma pale nilikuwa nasimama kidogo. Sio kwamba nakataa. Nilizaliwa 1974, nimekulia kwenye foleni. Nakumbuka foleni ya sukari, foleni ya sabuni, nakumbuka unga wa njano. Baba alikuwa anafanya kazi kiwanda cha umma na kuna miezi anaenda kazini anakaa tu, mashine hazina vipuri. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali ikishika kila kitu watu wanaumia, simwoni kichaa, naona ananisimulia utoto wangu bila kujua. Lakini mama yangu alijifunza kusoma na kuandika kwenye darasa la watu wazima la serikali hiyohiyo, jioni, amenibeba mgongoni. Na mwaka 1973 redio ya serikali ilipotangaza Mtu ni Afya, kijijini kwa bibi watu walikaa kwenye vikundi kuizunguka redio wakatoka hapo wakachimba vyoo, choo cha bibi nimekikuta mimi, nimekitumia. Sasa huyo mtu wa vyoo na huyo mtu wa foleni ni Statist mmoja, na kitabu hakina nafasi ya kumweka. Nikamwambia mzee hivyo. Akanyamaza, alafu akasema, weka alama hapo. Nikamuuliza niandike nini. Akasema andika choo. Mpaka leo najua kuna nakala moja ya Liberty and Tyranny duniani yenye neno choo pembeni kwa penseli, na ni mwandiko wangu.

Binti yake sasa.

Mwalimu wa shule ya msingi ya umma, miaka hamsini na kitu, anakuja kila Jumapili na sufuria ya supu. Anampenda baba yake sana, hilo liwe wazi, anamkata kucha za miguu mwenyewe hataki mimi nimkate. Lakini supu haijapoa wameshaanza, na chanzo ni kile kitabu kinakaa pale kwenye meza ndogo pembeni ya kiti. Yeye anakiita sumu. Mzee anakiita kitabu pekee kilichosema ukweli mwaka ule na magazeti makubwa yakajifanya hayajakiona. Sumu, ukweli, sumu, ukweli, mimi nakunja nguo.

Kilichokuwa kinanichekesha ni kwamba binti huyohuyo alishawahi kumlilia Levin machozi. Levin 2007 alitoa kitabu cha mbwa, ndiyo mbwa, Rescuing Sprite, kuhusu mbwa mzee aliyemchukua kutoka kituo cha mbwa waliotupwa alafu akafa. Mzee kwa utundu wake alimpa binti zawadi ya Krismasi bila kusema mwandishi ni nani, na binti ni mtu wa mbwa, akasoma akalia siku mbili. Baadaye ndo akaja kugundua ni Levin yule wa redio. Akanambia siku moja tunaosha vyombo, yaani sielewi mtu anaweza kuwa na moyo vile kwa mbwa alafu akafungua redio akawa vile. Kile cha mbwa hajakitupa, kiko kwake.

Na hawakuwa wao wawili tu. Nilikuwa nabeba kitabu kwenye begi nikitaka kuangalia maneno magumu nyumbani, dada mmoja Mkongo tuliyekuwa tunaishi naye apatimenti akakiona akaniuliza, dada, unasoma vitabu vya watu wasiotutaka? Hajakifungua. Mchungaji wetu wa ibada ya Kiswahili naye akakiona, akafungua sura ya imani, ile inayosema nchi ile ilianzishwa na watu waliomtaja Mungu, akasema huyu amesema vizuri sana, akakifunga. Kaishia hapohapo, ya tatu, akanirudishia na baraka. Kila mtu ana hukumu na hakuna mwenye kurasa zaidi ya ishirini.

Ila yule dada alikuwa na pointi, maana kuna sura ya tisa.

Tulipomaliza ya nane mzee akasema kesho tunaenda ya kumi. Nikamwambia mbona kuna ya tisa. Akasema ya tisa haina maana, ruka. Akageuza kichwa akaniangalia kwa ubavu, na masikio yamekuwa mekundu. Nyinyi mngefanyaje? Usiku huohuo nimekaa jikoni nimeisoma yote. Inahusu uhamiaji. Inalalamikia ile sheria ya 1965 iliyofungua milango watu wavute ndugu zao, mmoja anamleta mwingine, mwingine anamleta mwingine, na inasema nchi haiwezi kuwameza wageni wote wakawa Wamarekani kwa mtindo huo. Mimi pale nilikuwa na fomu ya kumvuta mwanangu kutoka Moro iko kwenye droo. Nilisoma nikakasirika, nikaweka kitabu chini, nikakichukua tena nikamaliza. Haikunitukana kama nilivyotegemea, lakini haikunitaka pia, na kutotakwa kwa adabu kunauma kwa namna yake.

Asubuhi nikamwambia mzee nimeisoma ya tisa. Akakaa kimya muda, chai inapoa. Akasema, wewe sio unayeongelewa humo. Nikamwambia mzee, ni mimi kabisa, ukurasa kwa ukurasa. Akasema basi yeye hakufikiria vizuri alipoandika. Nikashtuka, maana kumsikia anasema Levin hakufikiria vizuri ilikuwa kama kusikia mtu wa Yanga anasifia goli la Simba. Jumapili iliyofuata binti akaigusa sura hiyohiyo, akamuuliza baba yake mbele yangu, na huyu dada anayekuogesha, kitabu chako kinasemaje kuhusu yeye? Mzee akaitetea sura ya tisa mwanzo mwisho. Kwa sauti. Mpaka na meza akapiga.

Hapo ndo nilianza kukaa macho.

Kuna kitu kingine kilitokea Aprili ya mwaka huohuo wa 2010. Ndani ya National Review, lile jarida la wahafidhina alilolianzisha William Buckley 1955, yaani nyumbani kwao kabisa, kuna mwandishi anaitwa Jim Manzi aliandika kuhusu sura ya nane, ile ya mazingira na joto la dunia. Hakuzunguka. Alisema sura ile ni mbovu, Levin ameokota upande mmoja wa hoja, ameegemea waraka uliosainiwa na watu zaidi ya 31,000 wanaoitwa wanasayansi bila kuchunguza hao waliosaini ni akina nani. Na huyu Manzi sio mtu wa mazingira wala nini, mwenyewe alikuwa anapinga zile sheria za kudhibiti kaboni. Wenzake wakamjia juu palepale jaridani, wengine hawakugusa hata hoja, waligusa lugha, kwamba kwanini umseme mwenzetu hivi.

Binti akaichapisha ile makala shuleni kwao, akaja akaibandika kwenye friji kwa sumaku, makusudi, urefu wa macho. Mzee katikati haoni lakini pembeni anaona, akauliza nini ile. Nikamwambia. Akasema toa. Nikatoa. Akasema nisomee.

Nilimsomea mara mbili. Akaniomba nilete kitabu nifungue sura ya nane nimwambie kuna alama gani za penseli. Kulikuwa na alama za kuuliza tatu, za kwake mwenyewe, za mwaka uliopita alipokuwa bado anaona. Kwenye sura nyingine amepiga mistari kukubali, hii ya nane maswali matupu. Mzee huyu miaka thelathini alikuwa anapima vyuma kwa vipimo vidogo kuliko unywele, mtu kama huyo ukimletea takwimu hazikai sawa anajua tu mkononi. Akasema, kijana huyu ana hoja. Alafu akasema, lakini kwanini aseme mbele za watu? Ile karatasi akanambia niikunje niiweke humohumo kwenye sura ya nane. Jumapili binti akauliza iko wapi makala yangu. Mzee akamjibu, nimewashia jiko. Jiko lenyewe la umeme.

Nikawa naondoka pale usiku kwenye basi nawaza baba yangu. Baba alikuwa CCM kindakindaki, mwalimu Nyerere kwake hagusiki. Baba mdogo alikuwa na duka, na 1983 Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi baba mdogo alikula hasara, usiku mmoja alimwaga vitenge na betri mtoni kwa kuogopa, mimi niko darasa la pili nimeshika taa ya chemli. Wakikutana hao ndugu wawili ilikuwa moto, baba anatetea kila kitu mpaka foleni, anasema foleni ni nidhamu. Lakini usiku nikiwa nimelala upande wa jikoni nilikuwa namsikia anamwambia mama, mke wangu, hii hali imetushinda. Na Aprili 1984 Sokoine alipofariki kwa ajali pale Dakawa, mkoani kwetu, aliyelia mpaka akashikwa alikuwa baba mdogo, yule wa vitenge. Alisema angalau yeye haibi. Hakuwahi kumwambia baba. Mimi nimeyajua yote mawili kwa sababu nilikuwa mtoto na mtoto ni kama ukuta tu, watu wanaongea mbele yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa huku ughaibuni nimekuwa kata tena, mtunza wazee naye ni ukuta.

Nilichojifunza kwa vitendo, na ninakitumia mpaka leo kwenye vikao vya ukoo, kilitoka kwa bahati. Jumapili moja binti akasema kile kitabu kinataka wazee wafukuzwe mtaani wafe. Mimi nimebeba sahani, sijui shetani gani akanipitia, nikauliza, ukurasa gani? Sikuwa na nia mbaya, nilishakisoma karibu chote sikukumbuka mahali hapo. Kimya. Mzee akacheka sana, akapata nguvu, akasema na pia Levin amethibitisha humo kwamba Obama anataka hiki na hiki. Nikauliza tena, ukurasa gani mzee? Akatafuta kichwani. Haupo. Ilikuwa ya redioni, ya Jumanne. Binti akacheka mpaka akakaa chini.

Wiki hiyo binti akaondoka na kitabu. Akakirudisha baada ya Jumapili mbili kina vile vikaratasi vya njano vya kunata kama manyoya ya kuku aliyelowa. Na ugomvi haukuisha, msidhani, ulizidi, ila ulikuwa ugomvi mwingine, mzuri kuusikiliza. Alikuwa anamwambia baba yake, hapa sura ya saba anasema mipango ya Rais Roosevelt imewazoesha watu kuegemea serikali na deni wanaachiwa wajukuu, wewe hela ya Social Security, pensheni ya serikali, inaingia kila mwezi, dawa zako ni Medicare, bima ya serikali ya wazee, unakubali kwamba wewe ni mtu wa kuegemea? Na mzee anajibu, nimekatwa mshahara tangu nina miaka kumi na tisa, hiyo ni yangu. Anamwambia, kitabu hakisemi ni yako, kisome. Na mzee hana jibu, anasema niletee supu. Siku nyingine mzee anashinda, pale kwenye mambo ya majimbo kujiamulia bila Washington, binti akakubali kwamba mitihani wanayoletewa kutoka juu inawatesa walimu na yeye angependa waachwe. Akakubali kwa taabu kama mtu anayelipa deni. Alafu akaniangalia mimi, usishangilie.

Ikaja 2011. Ohio ikapitisha sheria, wenyewe wanaiita SB 5, gavana John Kasich akaisaini mwisho wa Machi, inapunguza sana nguvu ya vyama vya wafanyakazi wa umma kujadiliana mishahara na marupurupu, walimu, zimamoto, polisi wote humo. Redio za upande wa mzee zilikuwa zinashangilia, Wisconsin nako gavana Scott Walker anafanya hivyohivyo. Binti akawa analia sasa sio kubishana. Watu wakakusanya sahihi sheria iletwe kwenye kura ya wananchi Novemba. Yadi za watu zikajaa vibao, huyu hivi yule vile, na ndani ya nyumba ile Jumapili zikawa za kimya, supu inaliwa kijiko kinagonga bakuli tu. Binti aliacha hata kuuliza. Alijua jibu, baba yake si ni mtu wa Levin.

Karatasi ya kura ilikuja kwa posta mwezi wa kumi. Macho hayaoni kwa hiyo sheria inaruhusu achague mtu wa kumsaidia, akanichagua mimi. Tukakaa mezani jioni, na ikafika saa kumi na mbili akasema leo usiwashe redio. Nikajua kuna kitu.

Nikamsomea Issue 2 yote, ndilo swali la ile SB 5, maneno marefu ya kisheria. Akasema rudia. Nikarudia. Yes ni sheria ibaki, No ni ifutwe. Akashika ukingo wa meza anaupima kwa kidole gumba, ile tabia yake ya kiwandani. Akasema mwaka fulani tuligoma wiki tisa, mke wangu ana mimba ya huyu, na chama ndio kilitupa unga. Mimi sijasema kitu. Akasema, weka No. Nikaweka, nimejaza kile kiduara kwa wino mweusi mkono unatetemeka wa kwangu sio wake. Alafu kukawa na Issue 3, ya kupinga ile sheria ya Obama ya kumlazimisha kila mtu kuwa na bima ya afya. Hii akasema Yes hata sijamaliza kusoma, na akapiga meza kama kawaida yake.

Akasaini bahasha. Akasema, na yule mwalimu asijue. Nikamwambia mzee, si atafurahi? Akasema ndo shida yenyewe, atafurahi mwaka mzima.

Novemba 8 matokeo yakatoka, na Ohio nzima ilikuwa imefanya kama mzee. SB 5 ikafutwa kwa zaidi ya asilimia 60, na siku hiyohiyo, watu walewale, karatasi ileile, Issue 3 ya kupinga bima ya Obama ikapita nayo kwa zaidi ya asilimia 60. Nilikaa naangalia TV nikasema loh, hawa watu wote Levin angewaweka fungu gani. Mafungu yake mawili tu na hapa kuna jimbo zima halimo. Binti akaja usiku na keki, ameshinda, akambusu baba yake kipara akamwambia pole kwa kupoteza. Mzee akasema asante. Akala keki vipande viwili vya kushindwa.

Januari 2012 Levin akatoa kingine, Ameritopia. Aliyekileta ni binti, amekifunga kwa karatasi ya zawadi, akasema nimekuletea sumu yako mpya. Hicho kilikuwa kigumu, kinaanza na Plato, kinaenda Thomas More, Hobbes, Marx, mzee alikuwa analala kwenye Plato mimi nasoma peke yangu kwa ukuta. Mbele kule Tocqueville alikuwa anatusubiri, nilishaangalia, nilikuwa nimepania siku hiyo nisome tena Tok-ke-vi-le makusudi acheke. Hatukufika. Mapafu yalijaa maji mwezi wa tatu, akakaa hospitali siku sita.

Baada ya mazishi binti aliniomba nisaidie kutoa vitu. Nguo zikaenda kwenye kanisa, vyombo kwa wajukuu. Vitabu akavishika mwenyewe kimoja kimoja. Liberty and Tyranny akaifungua, vikaratasi vyake vya njano bado vimo, akafika sura ya nane ile makala ya Manzi ikadondoka sakafuni imekunjwa mara nne. Akaiokota akaisoma juu mpaka chini kama hajawahi kuiona. Akaangalia alama za kuuliza. Akafungua mbele akakuta choo, akaniuliza hii ni lugha gani, nikamwambia ni stori ndefu.

Alikaa kwenye kiti cha baba yake muda mrefu, kitabu mapajani. Alafu akaniuliza, hivi ile kura ya Issue 2 ulimsaidia wewe kujaza, si ndiyo?

Nikamwambia ndiyo, nilimsaidia.

Akasubiri. Mimi nilikuwa na shuka mkononi, nikatafuta pembe zake nne, nikalikunja. Mpaka leo hajauliza tena, na Kiswahili hasomi.